Samaki Mkubwa Sebuleni: Mambo Ambayo Ghuba ya Chole Hufanya Bure

Maji yanapojaa upande wa mashariki wa kisiwa cha Mafia, Tanzania, Bahari ya Hindi huingia kwa kasi kupitia mlango wa Kinasi na kuijaza Ghuba ya Chole. Wapiga mbizi wanaotokea Utende hupanga saa zao kwa mkondo huo. Huzama maji yakijaa ili mkondo uwasukume kuingia ghubani. Yakianza kupwa, mkondo huohuo unaweza kumtoa mtu nje hadi bahari kuu. Huko chini, pembeni mwa ukuta wa mwamba, si ajabu kumkuta chewa mkubwa ametulia tuli, mdomo wazi, matamvua yametanuka. Kisamaki chembamba cha buluu chenye mstari mweusi ubavuni kinaingia kinywani mwake, kinadonoadonoa vimelea na ngozi iliyokufa, kisha kinatokea kwenye matamvua. Chewa, ambaye chakula chake ni samaki wa kimo hichohicho, hakimezi. Akichoka hufumba mdomo nusu na kujitikisa, na kisamaki kinajua kuwa kazi imekwisha.

Chewa huyo anahudumiwa kwa kila kitu. Taka zake huondolewa na maji yanayojaa na kupwa mara mbili kwa siku. Oksijeni huletwa na mawimbi yanayopasuka kwenye mwamba wa nje. Mikoko na nyasi za baharini hunyonya mbolea itokanayo na kinyesi chake. Anayeamua kumweka samaki mkubwa wa maji ya joto nyumbani, awe Dar es Salaam, Mombasa, Muscat au London, amemwondolea samaki huyo wahudumu wote kwa mpigo, na kazi yao imemwangukia yeye. Samaki wengi wakubwa wanaokufia kwenye matangi ya nyumbani hawafi kwa ugonjwa wa ajabu. Hufa kwa sababu mojawapo ya kazi za ghuba haikufanywa, au ilifanywa kwa kipimo cha kioo kilichopatikana dukani badala ya kipimo cha mwili wa samaki.

Mtoto wa leo, jitu la kesho

Tatizo huanzia dukani. Samaki wengi wanaokuja kuwa majitu huuzwa wakiwa na urefu wa kidole. Oska, samaki wa Amazon anayependwa kwa sababu humzoea anayemlisha na kumjia kiooni, huuzwa akiwa na sentimita 5 na hufikia 30 au zaidi. Kambare mkia mwekundu, naye wa Amazon, hupita mita 1. Pangasi wa Mto Mekong, ambaye wauzaji humwita papa kwa ajili ya umbo lake, naye hupita mita 1.

Afrika Mashariki ina majitu yake. Kuhe wa Ziwa Tanganyika ni miongoni mwa wakubwa kabisa katika ukoo wa sato na perege duniani, naye hukaribia sentimita 80. Kamongo wa Ziwa Victoria, anayepumua hewa kwa mapafu, anaweza kufikia mita 2. Chewa mkubwa kuliko wote wa Bahari ya Hindi na Pasifiki hufikia karibu mita 2.7 na uzito wa kilo 400.

Urefu peke yake hausemi yote. Samaki akirefuka mara mbili hupanuka na kunenepa pia, hivyo uzito wake huongezeka karibu mara nane. Oska aliyetoka sentimita 5 hadi 30 amerefuka mara sita, lakini uzito wake umepanda zaidi ya mara 200. Chakula anachokula, kinyesi anachotoa na hewa anayovuta hufuata uzito kuliko urefu. Ndiyo maana tangi lililomtosha mwezi wa kwanza huonekana limechafuka ghafla mwezi wa nane, ingawa mwenye nyumba hajabadili chochote.

Wauzaji wengine humtuliza mteja kwa kumwambia kuwa samaki hukua kulingana na tangi lake. Kinachotokea ni kudumaa. Maji machafu na kubanwa humzuia kukua, uti wa mgongo unaweza kupinda, na umri wake hufupika. Oska aliyetunzwa vizuri huishi miaka 10 na kuendelea, kwa hiyo anayemnunulia mtoto wake samaki huyo kama zawadi ya siku ya kuzaliwa anapaswa kujua kuwa huenda mtoto akamaliza shule samaki bado yupo.

Wafugaji wazoefu wana kipimo chao. Upana wa tangi usipungue mara moja na nusu ya urefu wa samaki akiwa mzima, ili ageuke bila kujikunja. Na urefu wa tangi usipungue mara nne hadi sita ya urefu wake. Samaki wa sentimita 30 anahitaji tangi la urefu wa mita 1.5 na upana wa nusu mita. Kina kikiwa nusu mita pia, hizo ni lita 375. Samaki wa mita 1 anadai tangi la mita 4 kwa mita 1.5, na kina cha mita 1: lita 6,000, yaani tani 6 za maji, mbali na kioo, mawe na meza yake. Nyumba nyingi za kupanga, hasa za ghorofani, hazikujengwa kubeba mzigo huo kwenye kona ya sebule.

Potwe alivyowashinda wenye uwezo

Mafia inao mfano wa mwisho kabisa wa hesabu hii. Kati ya Oktoba na Machi, papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hukusanyika karibu na Kilindoni, wakifuata uduvi mdogo sana unaojaa juu ya maji. Wengi wao ni madume wachanga. Zamani ilidhaniwa kuwa msimu ukiisha huondoka. Watafiti waliowafunga vifaa vya kutoa mlio chini ya maji walionyesha, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2015, kuwa wengi hawaendi mbali: husogea nje kidogo na kushuka chini zaidi, wakabaki jirani na kisiwa mwaka mzima.

Binadamu wamejaribu kumfuga samaki huyu. Jumba la samaki la Okinawa, Japani, lina tangi la lita milioni 7.5, na dume mmoja aliyechukuliwa mwaka 1995 aliishi mikononi mwa jumba hilo kwa zaidi ya miongo miwili na kupita urefu wa mita 8. Mjini Atlanta, Marekani, Georgia Aquarium ilifunguliwa mwaka 2005 ikiwa na tangi la karibu lita milioni 24 na potwe waliosafirishwa kwa ndege kutoka Taiwan. Mwaka 2007 wawili kati yao, Ralph na Norton, walikufa ndani ya miezi michache. Walikuwa wamepoteza hamu ya kula, na shaka ikaelekezwa kwenye dawa iliyokuwa ikitiwa tangini kuua vimelea. Dawa hiyo ikaachwa. Huko Dubai, hoteli ya Atlantis iliweka potwe mchanga ndani ya tangi lake mwaka 2008, wahifadhi wakapiga kelele, na mwaka 2010 akarudishwa baharini.

Majumba hayo yana madaktari wa samaki, maabara na mafundi wa zamu ya usiku. Mwenye lita 375 hana hata kimoja, na maji yake machache hayamsamehi, kwa sababu katika ujazo mdogo kila kosa hukolea haraka.

Kujaa na kupwa kwa ndoo

Wakati wa bamvua, tofauti ya maji kujaa na maji kupwa katika pwani ya Mafia hupita mita 3. Katika kila kilomita 1 ya mraba ya ghuba, hizo ni zaidi ya mita za ujazo milioni 3 zinazoingia na kutoka. Tangi halina bamvua wala maji mafu. Kinachotoka mwilini mwa samaki hubaki palepale, na samaki anakivuta tena.

Sehemu kubwa ya taka hiyo haionekani kwa macho. Ni amonia, nayo hutoka kupitia matamvua kila samaki anapopumua, kisha huyaunguza matamvua hayohayo. Ndani ya tangi lililokomaa, bakteria wanaoishi kwenye mawe, mchanga na sponji ya filta huigeuza amonia kuwa nitriti, ambayo bado ni sumu. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia ikiwa haijazidi. Jeshi hilo la bakteria huchukua wiki nne hadi sita kujijenga. Mtu anayejaza maji Jumamosi na kuweka samaki Jumapili anamtia mnyama huyo kwenye choo ambacho hakijachimbwa shimo.

Maji ya pwani yana mtego mwingine. Makali ya amonia hutegemea pH na joto. Maji yakiwa na pH 7, chini ya sehemu 1 katika 100 ya amonia ndiyo huwa katika umbo lenye sumu kali. Maji ya bahari yana pH ya karibu 8.1, na yakifika nyuzi 28 za Selsiasi sehemu hiyo hupita 1 katika 20. Visima vya ukanda wa matumbawe navyo mara nyingi hutoa maji yenye chokaa na pH ya juu. Kiasi cha taka ambacho kambare wa Amazon angekivumilia kwenye maji laini ya kwao kinaweza kumuua chewa au kitatange.

Dawa yake ni kutengeneza kujaa na kupwa kwa mkono. Kila wiki robo hadi theluthi ya maji hutolewa kwa mpira unaonyonya uchafu wa chini, na maji mapya huingizwa polepole yakiwa na joto lilelile. Maji ya bomba yana klorini, ambayo huunguza matamvua na kuua bakteria. Huondolewa kwa matone ya dawa ya kuondoa klorini yanayouzwa kwenye maduka ya samaki wa mapambo. Kwa klorini ya kawaida, hata kuyaacha maji saa 24 kwenye pipa huku pampu ya hewa ikiyapuliza husaidia. Sponji ya filta nayo haioshwi bombani. Hukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotolewa tangini, uchafu ukatoka na bakteria wakabaki.

Tangi la samaki wa baharini huongeza kazi. Maji yake yanahitaji karibu gramu 35 za chumvi ya bahari kwa kila lita, na chumvi ya jikoni haiwezi kuishika nafasi hiyo kwa sababu imekosa kalsiamu, magnesi na madini mengine. Aliye jirani na bahari anaweza kuchota maji yenyewe, ila achote maji yakiwa yamejaa, mbali na mifereji ya mji, na asichote masika, mito kama Rufiji inapomwaga tope na maji baridi baharini. Maji ya tangi yakipungua kwa joto, chumvi haipungui nayo. Hubaki na kukolea. Pengo hilo hujazwa kwa maji yasiyo na chumvi. Anayejaza maji ya bahari kila siku humkuta samaki wake, baada ya wiki chache, anaogelea katika maji makali kuliko ya bahari yoyote aliyoijua.

Kazi ya mikoko nayo inaweza kuigwa. Wafugaji wengi wa samaki wa baharini huweka tangi la pili chini ya lile kubwa, wakapanda ndani yake mwani wa kijani na kuuwashia taa. Mwani hula nitrati na kukua. Mwenye tangi huuvuna na kuutupa, na taka inatoka pamoja nao.

Pumzi

Bahari ya Mafia hubadili joto taratibu. Wakati wa kusi, mwezi Agosti, maji huwa karibu nyuzi 25. Mwishoni mwa kaskazi, mwezi Machi, hukaribia 30. Safari hiyo huchukua miezi. Tangi lililowekwa karibu na dirisha Dar es Salaam mwezi Februari linaweza kupanda nyuzi kadhaa kati ya asubuhi na alasiri, na kushuka tena kiyoyozi kikiwashwa usiku. Viumbe wa miamba hawakuumbiwa panda-shuka hiyo. Mwaka 1998, joto la El Niño lilipozidi kawaida kwa nyuzi chache tu kwa wiki kadhaa, matumbawe mengi ya Mafia, yakiwemo ya mwamba wa Tutia, yalipauka na kufa.

Joto likipanda, hewa hupungua majini. Lita 1 ya maji yasiyo na chumvi hushika karibu miligramu 8.3 za oksijeni katika nyuzi 25, na 7.5 katika nyuzi 30. Maji ya bahari hushika kidogo zaidi ya 6 katika nyuzi hizo 30. Wakati huohuo mwili wa samaki uliopata joto hudai hewa zaidi, na mwili mkubwa ndio wa kwanza kudai. Dalili huonekana: samaki anapanda juu, anapumua haraka, matamvua yanafunguka na kufumba bila kupumzika. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji huweza kushusha nyuzi mbili au tatu. Mfuniko wa kioo hubadilishwa kwa wavu, wala tangi haliachwi wazi, kwa sababu samaki wengi wakubwa huruka, na wenye nyumba huwakuta sakafuni asubuhi.

Halafu kuna umeme. Ukikatika, pampu husimama, na tangi lenye samaki mmoja mkubwa linaweza kufika pabaya kabla ya lile lenye wadogo kumi. Wenye uzoefu huweka pampu ya hewa ya betri tayari, hawalishi mpaka umeme urudi, na ikibidi huchota maji kwa jagi na kuyamwaga kutoka juu ili yachanganyike na hewa. Filta ya aina ya mtungi uliofungwa haiwashwi moja kwa moja baada ya saa nyingi za kuzimika. Ndani yake bakteria wamekosa hewa na kuanza kufa, na maji yaliyolala humo ni sumu. Hufunguliwa na kusuuzwa kwanza.

Sahani ya samaki mkubwa

Samaki mkubwa anayeomba chakula kiooni humshawishi mwenyeji kumlisha kila anapopita. Kwa asili, chewa, mkunga na wawindaji wengine hula wakipata, na siku nyingine hawapati. Wakiwa wazima, kulishwa mara mbili au tatu kwa wiki huwatosha. Wanaoshibishwa kila siku hujaza mafuta kwenye ini, na ini ndilo huwaua baadaye. Nyama ya ng'ombe na ya kuku inaweza kuliwa kwa pupa, lakini mafuta yake ni mageni kwa tumbo la samaki. Vipande vya kamba, ngisi na samaki wa baharini ni salama zaidi, mradi aina zibadilishwe. Baadhi ya samaki wa jamii ya dagaa wana kimeng'enya kinachovunja vitamini B1, na mkunga au chewa anayelishwa aina hiyo peke yake kwa miezi huanza kukosa mizani na kutetemeka.

Papa na taa wanaofugwa wana ugonjwa ambao Watanzania waliokulia nyanda za juu wanaujua: rovu. Wakikosa madini joto ya kutosha, koo huvimba chini ya taya. Huongezewa madini hayo kwenye chakula.

Si wote walao nyama. Pono hukwangua mwani kwenye mwamba mchana kutwa, na kangaja na tasi ni walaji wa majani. Hawa hulishwa mara kadhaa kwa siku, kidogokidogo, mwani uliokaushwa au mchicha uliochovywa katika maji ya moto. Chakula chochote kisicholiwa ndani ya dakika chache hutolewa, kwani kinachooza tangini hugeuka amonia sawa na kinyesi.

Mgeni hukaa uani

Ugonjwa unaojulikana zaidi kwa wafugaji ni madoa meupe, yanayomfanya samaki aonekane amenyunyiziwa punje za chumvi. Kimelea chake hukaa ngozini siku chache, kikashiba, kikaanguka chini na kujifunga kwenye mchanga. Humo hugawanyika na kutoa watoto wengi, hata mamia, wanaopanda juu kutafuta samaki. Katika Ghuba ya Chole mkondo huwasomba na wengi hufa bila kumpata. Ndani ya kioo wanamkuta samaki yuleyule. Kizazi cha kwanza humpa madoa matano, cha pili humfunika mwili mzima, cha tatu humwingia kwenye matamvua.

Kwa hiyo mgeni yeyote hukaa kwanza kwenye tangi dogo la pembeni kwa wiki nne hadi sita, akiwa na wavu wake, ndoo yake na mpira wake. Akiugua, atatibiwa humo. Dawa ya shaba huua vimelea vya madoa meupe, lakini huua pia kamba na konokono, na papa na taa hawaivumilii. Ndiyo sababu haimiminwi kwenye tangi kubwa. Kununua kile kisamaki msafishaji cha Kinasi nako hakuleti suluhisho. Tangini hakuna vimelea vya kukitosha, na visamaki vingi vya aina hiyo hufa njaa.

Oska na jamaa zake wakubwa wana ugonjwa wao, wa vishimo vinavyochimbika kichwani na kando ya macho. Vimelea vya tumboni huhusishwa nao, pamoja na nitrati iliyorundikana na chakula cha aina moja. Mara nyingi tiba huanza kwa ndoo ya maji mapya kabla ya chupa ya dawa.

Alikotoka

Afya ya samaki huanza siku aliyovuliwa. Frontosa wa Ziwa Tanganyika, mwenye nundu kichwani na mistari myeusi mwilini, amekuwa akisafirishwa nje pamoja na samaki wengine wa ziwa hilo tangu miaka ya 1970, Mbelgiji Pierre Brichard alipojenga biashara hiyo Bujumbura. Kigoma nayo imekuwa ikiwatoa. Huyu huishi chini, mara nyingi zaidi ya mita 20. Akipandishwa kwa pupa, hewa iliyo kwenye kibofu chake hutanuka, tumbo likafura na kumgeuza chali. Wazamiaji humpandisha kwa hatua, wakimwacha ndani ya kizimba kwenye kina kimoja, kisha kingine, kwa siku kadhaa. Akifika kwa mfugaji anahitaji maji ya pH inayokaribia 9, kama ya ziwani kwake. Anayemtia kwenye maji laini kwa sababu ndivyo oska wake wanavyopenda amechanganya samaki wa mabara mawili.

Kenya imeuza samaki wa mapambo wa baharini kwa miongo mingi, wakivuliwa na wazamiaji wenye nyavu ndogo. Mafia ina sheria zake. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia, ya kwanza ya aina yake Tanzania, ilianzishwa mwaka 1995 na ina kilomita za mraba 822 zilizogawanywa katika kanda za matumizi. Hata uvuvi wa kitoweo humo una vibali na masharti. Anayetamani samaki wa mwamba aanzie ofisi za hifadhi zilizopo Utende na kwa maofisa uvuvi kabla ya kushika wavu.

Akilizidi tangi

Samaki-simba, mwenye mapezi marefu ya miiba yenye sumu, ni mkazi wa kawaida wa miamba ya Bahari ya Hindi. Mwaka 1985 mmoja alionekana pwani ya Florida, bahari ambayo haikuwahi kuwa naye. Inaaminika chanzo ni watu waliomwaga samaki wa tangini. Leo ukoo wake umeenea Karibi nzima na kushuka hadi Brazili, ukila watoto wa samaki wasiomjua adui huyo. Wakazi wa Kanda ya Ziwa hawahitaji kwenda Florida kulielewa jambo hili: sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950, na aina nyingi za furu hazijaonekana tena.

Samaki aliyelizidi tangi, basi, hamwagwi mtoni wala bwawani. Hupewa mfugaji mwenye nafasi, hurudishwa dukani, au huombewa hifadhi kwenye taasisi yenye tangi la maonyesho. Akiwa mgonjwa asiyepona, daktari wa mifugo anaweza kumlaza kwa mafuta ya karafuu, ambayo kwa kipimo kidogo humpa samaki usingizi wa kutibiwa na kwa kipimo kikubwa humwondoa bila maumivu.

Na kwa mwenye chumba kimoja na ndoo mbili, Ziwa Tanganyika lilelile lenye kuhe lina samaki wa sentimita 5 wanaoishi na kuzaa ndani ya makombe matupu ya konokono. Kila mmoja hulilinda kombe lake, hulizika mchangani mpaka libaki tundu tu, na humfukuza jirani anayesogea karibu, hata awe mkubwa mara tatu yake. Tangi la lita 80 lenye mchanga laini na makombe kumi linawatosha baba, mama na watoto.